Asili Ibaki, Matunda Yaliwe



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu, Subhanahu wa Taala, aliyetujaalia kuiona Ijumaa nyingine tukiwa katika afya na imani. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, swalla Llahu alayhi wa sallam, pamoja na jamaa zake na masahaba wake.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya nyumba. Sikusudii nyumba kwa maana ya ndoa, ambayo tumekwisha kuizungumza mara nyingi katika safu hii, bali nyumba yenyewe ya mawe na chokaa: ile tuliyozaliwa ndani yake, ambayo mama akifariki, kabla hata kanga zake hazijagawanywa, huulizwa swali moja tu. Je, tuuze?

Siku si nyingi nilikaribishwa katika kikao cha jamaa mmoja kisiwani Lamu, mtaa wa Mkomani. Mama yao alikuwa amerejea kwa Mola wake, akaacha watoto watano, wanaume wawili na wanawake watatu. Nyumba ilikuwa mali yake mwenyewe, aliyopewa na babake siku ya kuolewa kwake. Dalali alikwisha kuleta mnunuzi kutoka ng'ambo, na bei iliyotajwa ilikuwa nzuri. Kaka mkubwa yuko Uarabuni kwa miaka mingi na alisikiliza kwa simu iliyowekwa katikati ya mkeka. Kaka mdogo yuko Mombasa, na ana watoto wawili waliofika mlangoni mwa chuo kikuu. Dada mkubwa ndiye anayekaa katika nyumba hiyo, na ndiye aliyemuuguza mama mpaka pumzi ya mwisho. Dari ya chumba cha juu imeinama, na mvua ikinyesha huweka beseni chini yake.

Kaka mdogo alisema kwa adabu, macho yakiwa chini: "Dada, mimi naipenda nyumba hii kama wewe. Lakini historia hailipi karo."

Dada akamjibu: "Na karo ikishalipwa, mwanangu, watoto wako wakija Idi watafikia wapi?"

Hapo kikao kikanyamaza, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa amesema kweli.

Nimeanza na kisa hiki kwa kuwa mara nyingi tunaposikia habari za turathi na maendeleo, tunadhani ni mambo ya serikali, ya wataalamu na ya watalii. Tunadhani mji huamuliwa maofisini. Sivyo. Mji wa kale hupona au hufa katika vikao kama kile, juu ya mkeka, baina ya ndugu wa tumbo moja.

Tukumbushane kwanza ni mji gani tunaouzungumzia. Lamu ni mji ambao watu wameishi ndani yake bila ya kukatika kwa zaidi ya miaka 700. Mwaka 2001 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, yaani UNESCO, liliutia Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya urathi wa dunia, kwa kuwa ndio mji wa Waswahili ulio mkongwe na uliohifadhika kuliko yote katika Afrika Mashariki. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi ya kitaifa nayo inailinda miji na majengo ya namna hii. Lakini kilichowapendeza waliouandika mji huo hakikuwa mawe matupu. Magofu yako mengi mwambao mzima, kuanzia Gede hadi Takwa, na mawe yake ni mazuri. Tofauti ya Lamu ni kwamba adhana bado inaitwa, mikate bado inapikwa asubuhi, na watoto bado wanakimbia vichochoroni na misahafu yao wakielekea chuoni. Ni mji hai.

Na kilicho hai hubadilika. Hili tusiliogope. Tazama ngome iliyoko katikati ya mji. Ujenzi wake ulianza mwaka 1813, baada ya vita vya Shela, ukakamilika mwaka 1821. Ilikuwa boma la askari, kisha kwa miaka mingi ikawa jela, mpaka mwaka 1984. Leo ni makumbusho, na ndani yake kuna maktaba ambamo wanafunzi huketi kusoma. Kuta ni zile zile. Mahali palipokuwa pa pingu pamekuwa pa vitabu. Je, yuko mwenye akili atakayesema ngome imepoteza historia yake kwa sababu wafungwa wameondoka?

Tazama pia Riyadha. Leo tunapoitaja Lamu hatuwezi kuitenga na Msikiti wa Riyadha, na tunauhesabu kuwa ni sehemu ya ukale wa mji. Lakini Habib Swaleh alipoanza kazi yake, mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa akifanya jambo jipya. Aliwafungulia mlango wa elimu watu wa Langoni, masikini, wageni, na watu wenye asili ya utumwa, ambao kabla yake hawakuwa na nafasi katika darasa za waungwana. Lazima tuseme wazi kwamba nyumba zile nzuri za mawe tunazojivunia zilijengwa katika zama ambazo jasho la watumwa lilitumika, na kwamba upande wa pili wa mji walikaa watu katika nyumba za udongo na makuti ambao historia yao haikuchongwa milangoni. Nao ni wenye mji. Tukisema tunahifadhi asili, hatukusudii kurudisha daraja za zamani. Tunakusudia kuhifadhi kilicho chema na kukipanua kiwafikie wote, kama alivyofanya Habib.

Sasa turudi katika nyumba yetu, kwani ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi wanawake mahsusi.

Mabibi wengi wa siku hizi hawajui kwamba nyumba ya mawe ya Lamu, kwa desturi ya zamani, ilikuwa nyumba ya mwanamke. Mzee mwenye uwezo alimjengea bintiye nyumba, au alimwongezea ghorofa juu ya ile ya kwake, ili binti akiolewa asihame mbali na mamake. Palipokuwa na njia baina ya nyumba mbili, waliziunganisha kwa wikio, kile chumba kinachopita juu ya uchochoro kama daraja, na wanawake wa ukoo mmoja wakaweza kutembeleana bila ya kushuka barabarani. Ukiingia mlangoni unakuta daka, na mabaraza yake ya kupokelea wageni wanaume. Kisha unapinda tekani, ili anayepita nje asiuone ua. Kisha kiwanda kilicho wazi kwa mwanga na upepo, kisha misana, kisha ndani, kule kwenye ukuta wa zidaka za chokaa iliyochongwa. Kila hatua unayokwenda mbele, sitara inazidi. Chooni palikuwa na birika la maji, na ndani ya birika walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Vyumba ni vyembamba na virefu kwa sababu dari imebebwa na boriti za mkoko, na boriti haivuki upana mkubwa.

Kila kitu kina sababu yake. Hekima ya sitara, ya ubaridi bila ya mashine, ya jamaa kukaa karibu bila ya kubanana, imeandikwa katika ukuta. Mwana Kupona alimwandikia bintiye utendi katika karne hiyo hiyo ya 19, na tunausoma hadi leo. Wazee wengine hawakujua kutunga, lakini waliwaandikia mabinti zao kwa mawe.

Basi ni nini kinachoziangusha nyumba hizi? Kwa niliyoyaona, sababu tatu zinatangulia.

Ya kwanza ni mirathi isiyogawanywa. Mama anafariki, watoto wanaona haya kutaja mirathi, mwaka unapita, kumi inapita, warithi wanafariki na kuacha warithi, mpaka nyumba moja ina wenyewe arubaini ambao hawajuani kwa sura. Nyumba ya watu arubaini haina mwenyewe. Hakuna atakayetoa hata gunia moja la chokaa kutengeneza mali ambayo hajui fungu lake ni lipi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa hata wa kuujenga ukuta hayupo.

Ya pili ni matengenezo yasiyofaa. Jiwe la matumbawe na chokaa hupumua. Huvuta unyevu na kuutoa. Fundi anayekuja na saruji kwa sababu ni rahisi na hukauka haraka, anaufungia unyevu ndani ya ukuta. Baada ya mvua chache plasta inabanduka, na ikibanduka inaondoka na uso wa jiwe. Vivyo hivyo, dari ya zege juu ya ukuta wa kale ni mzigo ambao ukuta huo haukujengwa kuubeba. Nyumba iliyostahimili miaka mia mbili inaharibiwa na ukarabati wa wiki mbili, tena kwa nia njema.

Ya tatu ni dhiki. Wala tusimlaumu mwenye dhiki. Yule kaka wa Mombasa hakuwa mwenye tamaa. Alikuwa baba. Anayetaka jamaa wasiuze nyumba, na huku hawajali walio na shida ndani ya jamaa hiyo, anataka turathi itunzwe kwa njaa ya mtu mwingine.

Ni ipi basi njia? Dini yetu imetupa kanuni ambayo nadhani inatosha kwa nyumba na inatosha kwa mji mzima. Sayyidna Umar, radhiya Llahu anhu, alipopata ardhi yenye thamani huko Khaybar, alimwendea Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, kutaka ushauri. Akaelekezwa aizuie asili yake na atoe matunda yake. Ndipo akaiweka waqfu: ardhi haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na mazao yake yanawafaa watu. Asili ibaki, matunda yaliwe. Hakuambiwa aizungushie ua ibaki kutazamwa. Waqfu unaofaa ni ule unaozaa.

Nawaomba, akina mama na akina dada, tuishike kanuni hiyo na kuifanyia kazi kwa mambo manne.

Kwanza, tugawanye mirathi mapema. Mafungu yamewekwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Surat An-Nisaa, na mwanamke ana fungu lake, mali iwe chache au nyingi. Katika kisa chetu hesabu ilikuwa nyepesi: mafungu 7, kila mwanamume mawili na kila mwanamke moja. Kwa hiyo akina dada watatu walikuwa na mafungu 3 kati ya 7, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuuza nyumba bila ya ridhaa yao. Mahakama za Kadhi zimetajwa katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, na mirathi ya Waislamu ni katika kazi zake. Kwenda kwa Kadhi si kugombana. Ni kuandika haki kabla ugomvi haujaja.

Pili, anayetaka kuuza fungu lake awajulishe kwanza washirika wake. Hili ni fundisho la Mtume wetu, na wanavyuoni wameeleza haki ya shufaa na masharti yake. Na washirika nao, wakitaka kulinunua fungu, wampe ndugu yao bei ya haki. Kumwambia nduguyo "hii ni nyumba ya mama" ili akuachie kwa nusu ya thamani ni dhuluma iliyovishwa kanzu.

Tatu, mwenye nyumba aliye hai na mwenye siha afikirie waqfu, ama kwa jamaa yake au kwa kheri ya umma. Aulize wanavyuoni, na aisajili kwa Tume ya Wakfu iliyoko Mombasa. Lakini aogope Mwenyezi Mungu: waqfu usifanywe hila ya kuwanyima mabinti haki zao.

Nne, tuzikubali nyumba zibadilike pale zinapostahili kubadilika. Mama mzee hastahili kushuka ngazi za mawe usiku kutafuta choo kwa sababu tu mtalii anapenda ukale. Tia bomba, tia umeme, tia intaneti ili watoto wasome. Weka jiko lisilotoa moshi. Kabla ya kugusa ukuta, dari au mlango, pita kwanza katika ofisi ya uhifadhi wa Mji Mkongwe, utafute na fundi anayeijua chokaa. Na usiuze mlango wa nakshi. Pesa zake zitakwisha kabla ya Ramadhani nyingine, na mlango hautarudi.

Na yaliyo kweli kwa nyumba ni kweli kwa mji. Mabadiliko makubwa yako mlangoni mwetu. Bandari mpya ya Lamu ilipokea meli katika gati lake la kwanza mwezi wa Mei mwaka 2021. Wapo vijana wetu waliotarajia ajira humo, na ni haki yao kuitarajia. Wapo wavuvi waliopoteza maeneo yao ya kuvulia, na ni haki yao kulalamika. Kabla ya hapo palikuwa na mpango wa kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe upande wa bara. Wakazi hawakurusha mawe. Walikwenda mbele ya baraza la sheria za mazingira, wakasema kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na mwezi wa Juni mwaka 2019 leseni ya kiwanda hicho ikafutwa. Hata habari ya pikipiki zilizoingia katika vichochoro vilivyojengwa kwa ajili ya miguu ya watu na punda ni katika mjadala huo huo. Kijana wa pikipiki anatafuta riziki, na bibi anayetoka msikitini anatafuta usalama wake. Anayepanga mji awasikilize wote wawili, lakini uchochoro haupanuliwi bila ya kubomoa nyumba ya mtu.

Kwa hivyo panapoitishwa mkutano wa wananchi juu ya mpango wowote wa mji, akina mama tusiwaachie wanaume peke yao. Anayejua maji yanakatika saa ngapi, mtoto anapita njia gani kwenda chuoni, na nyumba ipi jirani imekuwa tupu, ni sisi. Na nyumbani tuwafunze watoto majina. Mtoto anayejua neno wikio, na akajua kwa nini liliwekwa, hatalibomoa kwa urahisi. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga, lakini mtoto hawezi kuiacha asili ambayo hakuonyeshwa.

Namaliza kwa kile kikao. Hakikwisha siku ile. Walikutana mara tatu. Mwishowe kaka wa Uarabuni na dada wawili walikubaliana kulinunua fungu la kaka wa Mombasa, kwa thamani iliyokadiriwa na mtu asiye wa jamaa, nalo lilipwe kwa awamu katika miaka mitatu. Malipo ya kwanza yalipangwa yaangukie mwezi wa kufunguliwa vyuo. Yote yaliandikwa, mashahidi wakatia saini. Vyumba vya chini vitakodishwa, na kodi itengeneze dari kwa boriti na chokaa. Dada mkubwa hakuwa na pesa za kutoa. Alibaki na fungu lake moja, na wenziwe wakamwomba aendelee kukaa na awe msimamizi. Mnunuzi wa ng'ambo alirudishiwa jibu kwa heshima.

Sisemi kila jamaa itaweza hivyo. Zipo zitakazolazimika kuuza, na kuuza halali si dhambi. Ila iwe ni uamuzi uliofanywa mchana, haki za wote zikiwa mezani.

Tulipokuwa tukiagana, kaka wa Mombasa alisimama dakani, akapitisha kiganja chake juu ya baraza la mawe lililolainika kwa miaka ya kukaliwa. Akamwambia dadake: "Idi tutakuja, inshaallah. Wote." Dada akamwambia asisahau kuja na godoro la ziada.

Ewe Mola wetu, zirehemu roho za wazazi wetu waliotangulia, zitie baraka nyumba walizotuachia, na utujaalie tuwe warithi wema, tusiodhulumu wala kudhulumiwa. Amin.